Popo wa Tende

Walimwita kwa namba. Muuguzi alitoa kichwa mlangoni akasema kumi na saba, na Nasor, mtu wa miaka hamsini na nane mwenye ndevu zilizokwisha kuingia mvi, akainuka upesi kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Ndani hakukuwa na kiti cha pili. Akasimama, mfuko wa plastiki wenye karatasi za binti yake ameukumbatia kifuani.

Daktari alikuwa mgeni, akisema Kiarabu cha vitabuni. Alifunua karatasi, akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Damu yenu inaingiana, wewe na binti yako," alisema. "Umri wako hautusumbui. Kinachotusumbua ni sukari. Imefika mpakani. Leo si maradhi, kesho yaweza kuwa maradhi. Mtu wa namna hii hatumtoi figo."

"Na ikirudi nyuma ya mpaka?"

"Ikirudi tutazungumza. Njoo baada ya miezi mitatu. Punguza tende, punguza wali, wacha halwa."

"Miezi mitatu ni mingi kwa mgonjwa, daktari."

"Mashine ipo," daktari alisema, na muuguzi akaita kumi na nane.

Mashine ipo! Ipo, nani amesema haipo? Ipo Maskati, mji mkuu, na wao wanakaa Ibra, mwendo wa saa mbili kwa gari. Shukriya, binti yake wa miaka thelathini na moja, alifungwa kwenye mashine hiyo mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, imsafishe damu ambayo mafigo yake yalikwisha kushindwa nayo. Walioamua ikae kule ni watu ambao hawajapata kuamka alfajiri wakamshika mgonjwa mkono mpaka garini, wakapita Bidbid jua halijatoka, na mchana wakarudi naye amejikunja kiti cha nyuma kama nguo iliyokamuliwa. Mkewe Nasor, Asya, sukari ilikuwa imemwondoa miaka minne nyuma, kidogo kidogo: kwanza kidole cha mguu, halafu macho, mwisho mafigo. Sasa ilikuwa imeingia kwa mtoto. Kaka mtu, Luay, alikuja kutoka Sur akapimwa, damu yake haikuingiana, akarudi kazini kwake Sur. Akabaki baba.

Nasor hakuwa amesamehe. Ukimuuliza hakumsamehe nani, atakwambia wakubwa. Wakubwa gani? Wote.

*

Wiki ile ile akaja msichana wa popo.

Nasor alikuwa mlinzi wa mchana katika mtaa mkongwe, ule wa nyumba za udongo zilizohamwa na wenyewe. Kazi yake ilikuwa kukaa kivulini kwenye lango na kuwazuia watu wasing'oe milango ya kale kwenda kuiuza. Siku nzima hapiti mtu. Aliweza kutoka asubuhi mpaka jioni hajafungua mdomo ila kupiga mwayo. Kwa hivyo gari nyeupe iliposimama akashuka msichana mwenye abaya iliyojaa vumbi, sanduku la barafu mkono mmoja na wavu mkono wa pili, Nasor alifurahi, ingawa uso haukuonyesha.

"Shikamoo, ammi. Mimi Wijdan, wa Manah. Wameniambia wewe unajua Kiswahili."

"Marahaba. Nakijua, lakini hapa langoni sina wa kusema naye. Watafuta mlango?"

"Natafuta popo. Popo ile ya tende, na popo ile ya wadudu. Zote mbili. Nasoma chuoni, ya'ni, chakula inafanya nini ndani ya mwili."

"Popo yule," Nasor alisema. "Si popo ile. Popo si kijiko."

Msichana akacheka. "Samahani, ammi. Kiswahili changu imevunjika. Bibi alinifunza, bibi akafa, khalas."

Lile neno, bibi akafa khalas, lilimgusa mahali. Akainuka akamwongoza.

Wa wadudu walikuwa ghorofani katika nyumba iliyobomoka paa nusu, wadogo, wamening'inia kwenye boriti za mtende, mikia yao mirefu kama ya panya. Wa tende walikuwa mbali kidogo, ndani ya handaki la falaji, mfereji wa kale, pale maji yanapotoka chini ya mlima. Hao ni wakubwa, manyoya rangi ya kahawa ya maziwa, sura ya mbwa, na walinuka tende iliyochacha. Nasor alikuwa akiwachukia. Msimu wa tende wenye mashamba hufunga mashada kwa nyavu kwa ajili yao, na asubuhi chini kote kumejaa kokwa na uchafu.

Alipowapata wawili aliowataka, msichana aliwalaza kwa dawa, hawakuamka. Akafunika sanduku, kifuniko akakifanya meza, akatoa kisu kidogo. Akakishika kama kalamu.

"Lete hapa," Nasor alisema. "Kabla ya kuja nchi hii nimekaa buchani miaka kumi na nane. Utampasua nyongo bure."

Akampasua popo wa tende kwa mstari mmoja, safi, kama vile kisu hakijawahi kumtoka mkononi. Halafu yule mdogo. Wakawalaza ubavu kwa ubavu, na Nasor akawa anataja kama zamani: hili ini, hii bandama, haya mafigo, huu utumbo.

"Na hii?" Wijdan aligusa kwa kibanio kinyama laini, cheupe cheupe, chini ya tumbo la chakula.

"Kongosho. Haina mnunuzi. Tulikuwa tukiwatupia paka."

"Wallahi? Ammi, hii ndiyo inapigana na sukari! Tazama. Popo ya tende... popo huyu wa tende, anakula tunda uzito wake, mara moja. Sukari kwenye damu inapanda, inapanda, mimi na wewe tungeanguka. Yeye anaruka, anaichoma, na hii nyama inasaidia kuishusha. Ndani yake kazi ni nyingi kuliko ya huyu wa wadudu. Huyu hali sukari, hana haja."

Nasor alikuwa amekiinua kile kinyama kwenye ncha ya kisu. Miaka kumi na nane amekitupa, paka wanakipigania kwenye damu sakafuni. Kumbe mkewe alikufa kwa kuchoka kipande kama hiki. Madaktari wote wale, mikutano yote ile, hapana hata mmoja aliyepata kumketisha akamwonyesha: tazama, mzee, ni hiki.

"Na mafigo?" aliuliza. Sauti ilimtoka kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Wijdan alilikata figo la kila mmoja nusu kwa nusu, akampa kioo cha kukuzia. "Huyu wa tende, ganda la nje nene, ndani padogo. Tunda ni maji na sukari, chumvi hakuna. Kazi yake kumwaga maji tu. Huyu wa wadudu, ndani pakubwa. Anakula nyama, anakunywa kidogo, figo yake inashika maji, uchafu unatoka mzito. Figo ngumu, hii. Mashallah."

"Ukimlisha huyu wa tende samaki wa chumvi?"

"Masikini! Figo yake haijui chumvi. Hawezi."

"Hata akizoezwa?"

Msichana alikuwa amekwisha kuinama juu ya mizani yake, anaandika. "Chakula ikibadilika, matumbo inabadilika, ammi," alisema bila ya kuinua kichwa. "Tumewaona chuoni. Wiki tatu, nne, matumbo imekuwa nyingine kabisa."

Matumbo. Kwa mtu aliyekaa buchani, matumbo ni kila kinachomwagika mnyama akipasuliwa. Mtu akija akasema nipimie ratili ya matumbo, humo mna ini, mna pafu, mna bandama, mna figo. Nasor hakuuliza zaidi. Alipokiosha kisu akakirudisha, wiki tatu nne zilikuwa zimekwisha kukaa kichwani mwake, na yeye alikuwa na wiki kumi na mbili.

*

Nyumba yao ilikuwa ya watu wawili. Tangu Asya afe walikuwa wakila sinia moja, baba upande huu, binti upande ule, redio katikati. Hata Shukriya alipoandikiwa chakula chake cha wagonjwa wa figo, wali uliomwagwa maji mara mbili, bila ya chumvi, bila ya ndizi, bila ya tende, maji ya kunywa chupa moja ndogo kwa siku, Nasor aliendelea kukaa naye sinia moja na kula ule wali usio ladha, akisema mtamu.

Sasa akaleta chungu cha pili.

"Mimi wali basi," alisema. "Na tende basi. Na chai. Nataka nyama ya kuchoma na ng'onda wa papa, yule mkavu wa chumvi. Na maji kidogo."

"Baba, umekuwaje?"

"Nimekuwa popo wa wadudu."

Shukriya alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi nikukamatie nzi?"

"Wewe cheka. Mimi tangu nizaliwe ni tende na halwa na chai ya vijiko vitatu. Mafigo yangu ni ya popo wa tende, hayajui kitu ila kumwaga maji. Nikupe hilo likufae nini? Nimejifunza. Chakula kikibadilika, matumbo yanabadilika. Wiki tatu, nne. Sukari itashuka, na figo nitakalokupa litakuwa gumu."

Kicheko kikamkauka. Shukriya alimgeukia baba yake, uso umemvimba kama kawaida ya siku za kungoja mashine.

"Nani kakwambia nalitaka?"

"Huna haja ya kulitaka. Unapewa."

"Mama alipokuwa anaumwa uliniambia utakuwa na mimi siku zote."

"Si ndiyo nitakuwa na wewe? Ndani kabisa."

Shukriya akainuka. Aliondoa vyombo. Siku ya pili yake, Nasor alipovaa kofia kwenda sokoni, alimkuta mlangoni na kikapu.

"Ng'onda nitakununulia mimi," alisema. "Wewe hujui kuchagua."

Ikawa hivyo. Wakawa wanakula nyumba moja kama wageni wa hoteli, kila mmoja na sahani yake na saa yake, kwa sababu harufu ya papa ilimtia Shukriya kichefuchefu na yeye alikuwa akila kwanza, akaenda chumbani. Nasor alibaki na redio. Papa alikuwa mkali kweli kweli, akichoma ulimi, na kiu ikimshika mpaka midomo ikapasuka. Aliivumilia. Alihesabu kila kipande kuwa ni figo.

*

Wiki ya sita alifariki dada wa Yaarub, jirani yao, ambaye ni mkubwa katika idara moja ya wilaya. Nasor alikuwa amekwisha kumpelekea idarani barua tatu kuhusu mashine, akiandikiwa na karani wa dukani, na barua zote tatu zilijibiwa kwa neno moja: tutaangalia. Lakini matanga ni matanga. Alivaa, akaenda kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa mtaa, akatoa pole, akapata mahali karibu na mlango.

Ikaja sinia ya tende. Akaipisha. Ikaja kahawa, Marzouq, mpwa wa Yaarub, akamjazia kikombe kidogo akampa. Nasor akakipokea, akakitua kwenye mkeka, hakukigusa.

Aliyekulia Unguja au Bujumbura huenda asione kitu hapo. Lakini hawa wa hapa, mtu akikitua kikombe namna ile mbele ya mwenyeji, maana yake amekuja na haja, na hanywi mpaka atimiziwe. Nasor alikuwa na miaka ishirini na zaidi katika mji, alilijua hilo vyema. Alikuwa amelisahau kwa kuwaza mafigo.

Ukumbi ukanyamaza kuanzia waliokaa karibu naye mpaka kwa Yaarub mwenyewe.

"Nasor," Yaarub alisema kwa upole, mbele ya watu arubaini. "Kunywa kahawa yako. Haja yako imekwisha timizwa, ukitaka. Sema tu."

Hapo ndipo pa kusema. Miaka minne amepiga kelele kwenye madirisha, na leo mkubwa mwenyewe amemfungulia mlango mbele ya mashahidi, siku ambayo asingeweza kukataa. Leteni mashine Ibra. Maneno matatu. Nasor alihisi yamekuja mpaka kooni. Lakini kumwomba mtu uliyemlaani miaka minne, huku umeketi kwenye mkeka wake, maiti wake hajapoa, si jambo jepesi. Na pengine kulikuwa na jambo jingine, kwamba bila ya hasira ile asingejua ashike nini.

"Sina haja," alisema. "Daktari amenikataza."

"Daktari anakataza kahawa ya matanga?" mtu mmoja aliuliza.

"Na tende pia? Na tende ya Mtume?"

"Mwache, labda kwetu hapamtoshi. Watu wa Afrika hao."

Damu ikampanda usoni. Akanyoosha mkono, akachukua tende moja akaitia mdomoni, akanywa kahawa kwa funda moja, akakitikisa kikombe kuonyesha ameridhika. Tende hakuitafuna. Aliibana shavuni kama mtoto aliyelazimishwa dawa, akaaga, akatoka, na nyuma ya ukuta akaitema. Alipoinua kichwa, Marzouq alikuwa amesimama pale na birika, anamtazama.

Habari ikaenea, na kutoka siku ile sahani za chakula, zilizokuwa zikija kila Ijumaa kutoka kwa majirani, zilikoma. Ijumaa ya kwanza Shukriya alidhani wamesahau. Ijumaa ya pili alipika mapema.

*

Miezi mitatu ilipotimia wakamtoa damu, na daktari yule yule alipoisoma karatasi akanyanyua nyusi.

"Ajabu," alisema. "Sukari imerudi nyuma, na imerudi sana. Umefanya vizuri, mzee."

Mzee! Mara ya kwanza kumwita kwa kitu kisichokuwa namba. Nasor alijikuta anatabasamu. Akavuliwa, akalazwa, mkono ukafungwa kile kitambaa cha kupimia presha. Muuguzi akapima. Akapima mkono wa pili. Akamwita daktari, naye akapima mwenyewe, akamwambia alale nusu saa, akapima tena.

"Mia na themanini kwa mia na kumi," daktari alisema. "Mara ya mwanzo ulikuwa sawa kama kijana. Umekula nini?"

Nasor akamweleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, akianzia na popo wa tende na ganda nene la nje, akafika kwa popo wa wadudu na figo lake gumu, papa mkavu, kunywa maji kidogo, wiki tatu nne za kubadilika matumbo. Alijua anasema jambo la maana. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni, halafu akafungua mlango wa chumba cha pili.

"Hebu njoo," alimwambia mwenzake. "Njoo umsikie huyu."

Ikabidi aeleze tena. Safari hii walicheka kabla hajafika kwenye papa. Si kicheko kibaya, labda. Kicheko cha watu waliochoka. Lakini Nasor alikuwa bado kifua wazi, amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini.

"Mzee," daktari alisema alipomaliza kucheka, "presha hii utapewa dawa, utawacha chumvi, itashuka. Lakini mwenye umri wako, mara sukari, mara presha, kamati haitakubali. Nafunga faili."

"Nipe miezi mitatu mingine."

"Nafunga faili. Allah atampa njia nyingine."

*

Siku ya tatu yake, baada ya alasiri, Wijdan alikuja nyumbani. Alikuwa amemaliza kazi yake ya chuo, ameleta nakala moja yenye jalada gumu, na ukurasa wa mbele ameandika kwa mkono: Ammi Nasor, mlinzi, shukrani. Shukriya alimkaribisha. Nasor alikuwa amekaa kwenye godoro la sebuleni, hakuinuka.

"Shikamoo, ammi."

Hakuitikia. Shukriya akamtazama baba yake, akamtazama mgeni.

"Uliniambia wiki tatu, nne," Nasor alisema. "Uliniambia matumbo yanabadilika. Nimekula papa miezi mitatu. Nimechekwa kama ngedere. Mwanangu kakosa figo kwa ajili yako."

"Figo? Ammi, mimi sikusema figo. Nilisema matumbo."

"Matumbo ni nini kwenu?"

Msichana aliweka mkono tumboni, akauzungusha. "Ile ndefu. Inayopita chakula."

"Huo utumbo! Utumbo! Matumbo ni yote!"

"Sikujua," Wijdan alisema, na macho yakamjaa. "Bibi alikuwa anasema matumbo. Akipika. Mimi nilidhani... Figo haibadiliki, ammi. Ile ya popo imekuwa vile kwa maelfu na maelfu ya miaka, baba kwa mtoto, baba kwa mtoto. Mtu mmoja habadilishi figo yake. Nilikwambia wa tende hawezi chumvi."

"Mnasomeshwa, mnapewa magari, mnapewa mizani, halafu neno moja la lugha ya bibi zenu hamlijui. Na nyinyi ndio wakubwa wa kesho. Toka."

"Baba!"

"Namwambia atoke."

Wijdan aliweka nakala yake juu ya redio, polepole, kama anayeogopa kuamsha mtu, akatoka. Walisikia gari ikiwaka, ikakaa muda mrefu bila ya kuondoka, kisha ikaondoka.

Nasor aliendelea. Alikuwa amekwisha kupata njia na hakutaka kusimama. Alianza na yule msichana, akaenda kwa chuo kilichomtuma, akaingia kwa daktari na mwenzake na kamati isiyoonekana uso, akafika kwa Yaarub na barua zake tatu, akawa anarudi kwa wale walioiweka mashine Maskati, pale Shukriya aliposema:

"Mwache yule mtoto. Ni mimi."

"Wewe nini?"

Alikuwa amesimama, mkono mmoja ameshika fremu ya mlango, ule mkono wenye mshipa uliovimba kwa sindano za mashine.

"Ng'onda huroweshwa, baba. Huroweshwa siku nzima, maji yakabadilishwa mara tatu, ndipo akapikwa. Mama alikuwa akifanya hivyo, ndiyo maana hukumbuki alikuwa mkali. Mimi sikumrowesha. Hata siku moja. Nilikuwa namchagua yule mwenye chumvi inayong'aa, nikimaliza kumpika naongeza."

Nasor alimtazama kama aliyesemeshwa lugha asiyoijua.

"Kwenye karatasi yangu ya hospitali, chumvi ndiyo ya kwanza juu," Shukriya alisema. "Miaka miwili naisoma. Hapana anayeijua chumvi katika nyumba hii kama mimi. Nilijua itakupandisha presha, na nilijua wakiona presha watakukataa. Presha inashuka, baba. Figo likitolewa halirudi."

"Nilikuwa nakupa wewe!"

"Na mimi nimekwambia nalitaka? Siku ile ile ya kwanza nilikuuliza. Sukari yako imefika mpakani. Wakichukua moja, hilo lililobaki likifa kama yale ya mama, nitakutazama mimi? Nikutazame huku la kwako liko ndani yangu linafanya kazi?"

"Ungesema."

"Ungesikia?"

Nasor alitaka kukasirika, na hasira ilikuwa pale pale mahali pake pa siku zote, imekaa tayari. Lakini alipoinyanyua, haikupata mtu wa kuangukia. Aliyemfungia faili alitoka jikoni mwake mwenyewe, na alikuwa na macho ya Asya, na pengine hatakuwapo mwaka wa kesho kutwa.

"Umenidanganya miezi mitatu," alisema mwishowe, sauti ndogo.

"Nimekupikia miezi mitatu," Shukriya alisema. "Nikikusikia unakunywa maji kwa kuiba chooni, nalia. Sikuwacha kupika."

Akaenda chumbani kwake. Hakuufunga mlango, lakini hakutoka tena.

Nasor alitoka nje akaizunguka gari. Akapiga magurudumu kwa kiatu, moja moja, yote manne yalikuwa na upepo. Akafungua boneti akatazama maji, yalikuwa yamejaa. Mtaani watu walikuwa wanatoka kusali magharibi, wakampita, mmoja akamwamkia kwa kichwa, mmoja hakumwamkia. Yaarub alipita wa mwisho, taratibu, akapunguza mwendo kidogo mbele ya gari, kama mtu anayengoja kuitwa. Nasor alikuwa ameinamia boneti. Alipoinuka, Yaarub alikuwa amekwisha kufika kwenye kona.

Akaifunga boneti. Akarudi mpaka mlangoni, akasimama kizingitini bila ya kuingia.

"Shukriya."

"Naam."

"Kesho nikuamshe saa ngapi?"

"Kumi na moja kasorobo."

"Kumi na moja si itatosha?"

"Kasorobo, baba. Ukichelewa wanampa mashine mtu mwingine."

"Haya," Nasor alisema. "Kasorobo."